Waya Ule Niliuzungusha Mimi

Enzi zetu kitu hakikuitwa kibovu mpaka kifunguliwe na mafundi watatu, wote watatu washindwe, na hata hapo kiliwekwa juu ya kabati kwa ajili ya skrubu zake. Wenzangu mliorudi kutoka Tanzania miaka ile amani ilipopatikana, mnanielewa. Tulivuka mpaka na sufuria, godoro, na redio iliyofungwa kwa mpira kwa sababu mfuniko wa betri ulipotea zamani. Vijana wa leo simu ikipata ufa kidogo wanaomboleza kama wamefiwa, halafu wanaitupa. Lakini hasira yangu leo si ya simu. Ni ya pete moja iliyozungushiwa waya wa shaba, na nimekaa nayo kifuani tangu nikiwa na miaka kumi na miwili.

Baba alikuwa ametangulia Nyarusange, huko Gitega, kuangalia kama shamba la babu bado lipo. Mimi na mama tulibaki Muyinga mjini, chumba kimoja nyuma ya soko, tukingoja atuite. Nakumbuka harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani, zikianikwa juu ya magunia, na isombe ya majani ya muhogo ikitwangwa asubuhi hadi ukuta wetu unatetemeka. Shuleni waliniita Mtanzania. Nikijaribu Kifaransa darasa zima linacheka, na mwalimu anageukia ubao ili tusione meno yake. Nikisema Kiswahili, naambiwa najidai. Kwenye mchezo wa kamba niliruhusiwa kuzungusha tu, kuruka waliruka wenyewe. Basi nikawa bingwa wa kuzungusha.

Nyumbani nako ilikuwa kuzungusha. Mama alisuka vikapu vya kuuza sokoni, na mimi nilikuwa mkono wake wa pili. Unashika shada la nyasi, unalizungushia utepe wa mgomba, mzunguko baada ya mzunguko, hadi kikapu kinapanda. Mama hakutumia utepe mmoja. Alitumia mbili, zimelala ubavu kwa ubavu, zinavutwa kwa nguvu moja. Nikichoka na kuanza kuzungusha mmoja kwanza ili mwingine ufuate baadaye, alinipiga kofi dogo la mkono. "Nyuzi zinazoanza pamoja zimalize pamoja," alisema, "la sivyo moja italegea na kikapu kitakuaibisha mbele ya watu." Nililala na kuamka na maneno hayo.

Jirani yetu alikuwa Fundi Ramazani, mtengeneza redio, Mwislamu mwenye kofia safi na meza chafu kuliko zote Muyinga. Nilikuwa nikitoka shule naenda kwake kuokota vipande vya waya wa shaba nitengenezee bangili. Hakunifukuza. Alinipa kazi ya kukwangua vanishi kwenye waya kwa wembe, maana waya wa mota umepakwa vanishi na risasi ya kulehemu haishiki mpaka uikwangue. Hadi leo nikisikia harufu ya risasi ikiyeyuka nasikia njaa, kwa sababu ndiyo saa ambayo mkewe alileta maharage na ndizi.

Msimu ule wa kiangazi, msimu wa harusi, familia moja ya Mushasha, Gitega, walimwagiza muziki wa kupiga juu ya pikapu. Alikuwa na spika nne na amplifaya ya gari lililopata ajali. Tatizo lilikuwa moja. Betri ya gari inatoa volti kumi na mbili, na volti kumi na mbili zinatosha kuwasha taa, hazitoshi kutikisa harusi. Ndani ya amplifaya kuna sehemu ya kuupandisha umeme huo. Transista zinapokezana kuuwasha na kuuzima, upesi kuliko jicho, kupitia waya uliozungushwa kwenye pete nyeusi ngumu kama kigae. Unaingia mdogo, unatoka mkubwa. Sehemu hiyo, aliyoiita alimantasyo, ndiyo iliyokuwa imeungua. Mpya haikupatikana. Fundi akajipiga kifua: "Mi nitaifanya mwenyewe." Kwa neno hilo nilimpenda sana, na nikiri kwamba sijaacha kabisa.

Pete aliitoa kwenye mashine ya ofisini iliyokufa. Waya aliutoa kwenye mota ya kinu. Akazungusha nusu ya kwanza ya waya upande huu wa pete, nusu ya pili upande ule, akikaza kwa koleo kama anafunga mbuzi. Akawasha. Muziki ukapiga kidogo, halafu transista zikachemka hadi kidole hakigusi, zikatoa moshi. Akaweka nyingine, zikaungua. Akaweka za tatu, zikaungua nazo. Akalaumu waliomuuzia transista. Akalaumu betri. Siku iliyofuata akalaumu jicho la jirani. Kitu pekee ambacho hakukilaumu ni mkono wake.

Mimi nilikuwa nimekaa pale na wembe wangu, nikaona. "Fundi," nikasema, "unasuka vibaya."

Alinitazama juu ya miwani. "We mtoto, hii haiko kikapu. Iko courant, iko umeme."

"Nyuzi mbili zinakaa mbalimbali. Moja itakuwa imelegea tu."

Akacheka, na wateja wawili waliokuwa mlangoni wakacheka naye. Lakini harusi ilikuwa imebaki wiki moja na mfukoni alikuwa na transista za mwisho. Akanisukumia pete. "Bon. Suka tuone. Ikishika, siku ya harusi mi nitasema mbele ya watu wote: fundi iko huyu."

Mnajua maana ya ahadi hiyo kwa mtoto aliyeitwa Mtanzania kutwa nzima? Sikutaka soda, sikutaka gauni. Nilitaka niitwe jina moja tu, mbele ya watu, ambalo nimelifanyia kazi.

Nikafumua waya wote. Nikatengeneza mashada mawili ya shaba, nikayalaza ubavu kwa ubavu, nikayapitisha pamoja ndani ya pete, nikiyatandaza pande zote bila koleo, kwa vidole tu, nikihesabu kimoyomoyo kama ninavyohesabu mizunguko ya kikapu. Mama alikuja kusimama nyuma yangu, kisha akarudi kwenye vikapu vyake. Mwishoni nikafanya kosa ambalo msusi peke yake angelifanya. Kwenye kikapu vichwa vya nyuzi hufungwa pamoja, na mikia pamoja. Nikafunga kichwa kwa kichwa. Fundi akawasha na fyuzi ikalipuka, pa!

Nilidhani nitafukuzwa. Lakini Fundi alichukua pete, akaitazama muda mrefu, akaacha kucheka. "Oya," akasema polepole. "Hapa inasukumana upande mmoja. Kichwa ya huyu ifungwe na mkia ya mwenzake." Hilo alilijua yeye, mimi nisingelijua kamwe, na simnyimi haki yake. Tukafungua, tukafunga upya, nikamalizia kwa ukingo wa utepe wa mgomba, kama wa vikapu vya mama, ili waya usifumuke. Akaweka fyuzi, akawasha. Spika zikaguna, halafu zikaimba. Akaweka kidole kwenye transista, akakiacha pale. Zilikuwa vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. "Iko inaimba!" akapiga kelele. "Mama, njoo, iko inaimba na haiungui!" Wenye maduka wakatoka nje, na wenzangu wa kamba wakaja kucheza barabarani bila kujua nani amewawashia muziki.

Barua ya baba ilikuja wiki hiyohiyo, kwamba nyumba imepata bati, twende. Fundi akatupakia kwenye pikapu pamoja na spika, tukafika Gitega asubuhi ya harusi. Nilivaa gauni la kanisani. Nyimbo zilipigwa tangu saa sita hadi jua linaegemea, wazee wakacheza, bibi harusi akavunja kisigino. Ndipo bwana harusi akashika maikrofoni, akasema anaomba kumjua aliyetengeneza mashine ile, maana Gitega nzima haina kama hiyo.

Fundi Ramazani akasimama. Aliniona. Naapa aliniona, nilikuwa hatua nne kutoka kwake, nimeshaanza kuinuka. Akatazama wageni wenye suti, akatazama wanaume wa meza kuu, akasema, "Iko mimi mwenyewe. Kila kitu, kwa mikono hii."

Watu wakapiga makofi. Kupitia mashine yangu! Uongo ule ulitoka kwenye spika nne ukafika hadi kilima cha pili, na uliobeba sauti yake ni waya niliouzungusha mimi. Akaniletea Fanta baadaye, hakunitazama usoni. Niliinywa, nilikuwa mtoto, kulikuwa na joto. Lakini nilikasirika, na bado nimekasirika, na watu wanaoniambia "ni mambo ya zamani, achilia" wao hawakunyang'anywa kitu. Kama angesema "tulifanya wawili" ningemwombea dua hadi leo. Alikuwa na chake cha kutosha. Kilichomshinda ni kusema mbele ya suti kwamba mtoto wa kike wa wakimbizi alimfundisha kusuka.

Leo nina kibanda changu Musinzira, hapa Gitega, natengeneza redio, na mama ananisindikiza kazini kila asubuhi. Macho yake yamefifia, anakaa kando ya meza yangu anasuka kwa kupapasa. Juzi akaja kijana anaitwa Egide, mtoto wa bwana harusi yule, na boksi limejaa vumbi mkononi na simu mbele ya pua.

"Fundi, hii naweza tupa wapi? Papa aliachiwa na fundi moja wa Muyinga. Anasema wanaume wa zamani walijua kazi."

Wanaume wa zamani. Nikafungua skrubu nne. Ndani palikuwa na pete yangu, shaba imekuwa nyeusi, ukingo wa mgomba bado umekaza. Nilimwekea mama pete kiganjani, bila kumwambia ni nini.

Akaipapasa polepole, mzunguko mmoja baada ya mwingine. "Nyuzi mbili," akasema. Kidole kikafika mwisho wa waya, kikasimama. "Hapa ulikuwa na haraka. Ulifungua ukafunga tena." Halafu akageuza uso kuelekea aliposimama Egide, na kwa sauti ileile ya kunipiga kofi la mkono akamwambia, "Kamwambie baba yako. Fundi ni huyu."

Enzi zetu vitu vilidumu na wanaovitengeneza walisahauliwa. Siku hizi vitu havidumu hata mwaka, na hakuna anayeuliza nani alivitengeneza. Neno nililolisubiri lilipaswa kutoka kwenye spika nne, likafike kilima cha pili. Lilitoka kwa mama, kibandani, likasikiwa na watu watatu. Egide aliuliza tena kama anaweza kulitupa boksi. Nilimwambia alete betri.