Mkeka wa Mukandori

Mwaka jana Bizumuremyi alirudi Rwanda kutoka Masisi na godoro moja, mkewe Mukandori, na mizizi ya ukangaga iliyofungwa katika kitambaa chenye maji. Pale mpakani, Grande Barrière, afisa alimuuliza hayo majani ni ya nini. Akajibu ni mboga. Mzee hakuwa mwongo, lakini utamweleza vipi mtu mwenye muhuri mkononi kwamba mkeo hataki mkeka wa majani mengine?

Aliipanda mtaroni nyuma ya nyumba, Rugerero, mahali maji hayakauki. Kila asubuhi alipalilia, akafukuza mbuzi, akapima mashina kwa mkono wake. Ukangaga hukatwa maua yakishakuwa ya kahawia. Ukikatwa mchanga, hunywea unapokauka. Nao ulikuwa bado kabisa. Mukandori alikuwa na uvimbe tumboni, na ombi lake lilikuwa moja tu: akifa, alazwe sandukuni juu ya mkeka wa ukangaga wa kwao, uliosukwa na mumewe.

Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi za pamoja za mtaa, Bizumuremyi alikuwa hospitalini na mkewe. Majirani wakaona wamsaidie. Aliporudi mchana aliukuta mtaro umefyekwa ukabaki udongo mtupu, na ukangaga wote rundo moja.

"Muzee, tumekusafishia," alisema jirani yake Gatete, akipangusa panga. "Nyoka haiko tena hapa."

Mzee alilitazama rundo. Lakini utamgombeza vipi mtu aliyekutolea jasho lake bure? Akawashukuru, akaketi, akaanza kuchambua mashina yaliyo marefu kidogo. Gatete akauliza anayatakia nini. Alipoambiwa, uso ulimshuka, akaweka panga chini, naye akaanza kuchambua.

Mzee alisuka siku nne, Gatete akimpa mashina, bila kungoja yakauke, kwa sababu daktari alikuwa ameacha kutaja wiki, sasa alitaja siku. Mkeka ulipokauka ukanywea, ukapungua karibu mkono mzima. Bizumuremyi akaupeleka hospitalini huku akiomba njia nzima.

"Mama Teta, iko mufupi. Walikata mbele ya wakati. Unisamehe."

Mukandori aliupapasa, akaunusa kwa muda mrefu. "Tandika," akasema.

Akautandika kitandani, akamwinua mkewe, akamlaza juu yake. Magoti aliyoyakunja kwa maumivu tangu Krismasi hayakunyooka tena. Nyayo zake hazikufika ukingoni.

"Unaona, Baba Teta? Mi pia nimepunguka."

Njia nzima alikuwa ameomba umtoshe. Sasa ulimtosha, na nafasi ikabaki, Bizumuremyi akageukia ukutani akalia.