Baba, Mkwe wa Nyani

Koti la sufu likilowa hutoa harufu ya mbuzi na moshi. Juzi, stendi ya Kyela, abiria mmoja alinipita na lake likichuruzika maji, nikabaki nimesimama kama mjinga, machozi yakinilengalenga. Kijijini kwetu Busale, baba yangu pekee ndiye aliyekuwa na koti la namna hiyo. Kwa joto letu lile, fikirini wenyewe alivyochekwa.

Alilinunua kwa ajili ya Milima ya Livingstone. Wenzake wakipalilia mpunga, yeye alipotelea huko hata wiki nzima, akitafuta njia ambazo hakuna aliyemtuma kuzitafuta, akarudi na magoti yaliyochubuka na masimulizi tele. Mama alimwita mkwe wa nyani. Nilipofika miaka tisa, uvumilivu ulimwisha.

“Baba Subilaga, huko kuna nini?” alimuuliza. “Mpeleke mwanao akaone. Mtoto hadanganyi. Akikuta cha maana, nenda hata mwezi. Akikosa, unashika jembe.”

“Ndaga, mama Subilaga,” baba alishukuru, kana kwamba amepewa zawadi.

Tulipanda siku mbili. Nilikula viazi baridi, nikaumwa na siafu, nikalia mara tatu. Nahesabu zile alizoziona. Hatimaye alipiga magoti penye majani marefu, akayatenga kwa mikono. Chini yalipita maji membamba, hata kikombe yangechelewa kukijaza.

“Hiki kijito hakuna anayekijua,” alisema, akiona haya kidogo. “Nimekipa jina lako. Kinaitwa Subilaga.”

Nilitazama. Nilikuwa na njaa, nilitaka nyumbani.

Tuliporudi, mama aliniuliza mbele ya majirani nimeona nini.

“Majani na baridi,” nikasema.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, nami nikafurahi kuwachekesha. Baba pia alicheka. Kesho yake alishika jembe, na kwa kuwa ahadi ni deni, hakupanda tena milimani mpaka tulipomzika.

Sasa nina watoto wangu. Mama aliamini baba alikuwa anatukimbia, kumbe kule juu peke yake alikuwa akituwaza. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu, nikalimeza, na inaniuma hadi leo.

Mwaka jana nilipanda kukitafuta kile kijito. Nilizunguka siku tatu, nikamuuliza kila niliyekutana naye njia ya kwenda Subilaga. Hakuna aliyeijua.