Pesa za samaki katika akaunti ya Arlene

Ni Ijumaa, saa nane mchana. Katika jiko lililo chini ya kanisa, mtaa wa Wapolandi mjini Toledo, Arlene Nadolny anavingirisha minofu ya samaki kwenye chenga za mkate. Unga umemganda hadi kwenye viwiko. Saa kumi watu wataanza kupanga foleni kununua samaki wa kuichangia parokia, kama kila Ijumaa ya Kwaresima, na suala la samaki hapa halina mzaha.

"Miguu imekwisha," anasema. "Lakini angalau hapa najua ninachofanya."

Ana miaka hamsini na minane. Kwa miaka ishirini na mbili alipakia bilauri katika kiwanda cha vioo ng'ambo ya mto, mpaka Novemba tanuri lilipozimwa na wote wakaambiwa waende nyumbani. Tangu hapo anaishi kwa mafao ya kukosa ajira, dola 390 kwa wiki. Kodi ya nyumba na gesi ya kupasha joto hazimwachii kitu.

Juu ya hayo ana deni, lililotokana na ugonjwa wa marehemu mumewe, Ray. Arlene ndiye aliyetia saini kwamba atalipa, Ray alipolazwa. Ray akafa, bili ikabaki, na hospitali ikaiuza kwa kampuni ya kukusanya madeni. Kampuni ikafungua kesi, ikashinda bila Arlene kufika mahakamani.

"Nilikuwa nimetoka kumzika mtu," anasema. "Kila bahasha ilikuwa bili. Nikaacha kuzifungua."

Jumamosi moja mwezi uliopita alikwenda kutoa pesa, mashine ikamkatalia. Akaunti ilikuwa imezuiwa kwa amri ya mahakama, pamoja na dola 1,640 zilizokuwamo.

Kisheria, mafao hayo hayaguswi na wadai wa namna hii. Lakini benki haikujisumbua kuuliza pesa imetoka wapi. Ilikuwa juu ya Arlene kuomba asikilizwe mahakamani, na alipewa siku tano za kazi. Akakwama, na si kwa uvivu.

Ndani ya akaunti ile ile zilikuwamo dola 580 za samaki. Vijana siku hizi hawatembei na pesa taslimu, na parokia bado inapokea malipo kwa kopo la bati. Arlene akajitolea: walipe kwa simu kwangu, Jumamosi nitatoa, nimkabidhi Mama Florence. Hakuna aliyeandikishana na mtu. Katika mtaa huu, kumwomba jirani risiti ni kama kumwita mwizi.

Kwenda mahakamani kulimaanisha kwanza amweleze Florence Rutka, mwenye miaka sabini na sita na mkuu wa jiko hili, pesa za kanisa ziko wapi. Arlene akasingizia mafua, akajifungia ndani siku tatu. Siku ya nne akaja jikoni.

"Mama, pesa za samaki zimeshikwa."

"Zimeshikwa na nani, polisi?"

"Na wanaomdai Ray."

Florence hakuacha kukata kabichi. "Na wewe ukaona heri ulale njaa kuliko kuniambia mimi?"

"Niliona aibu, mama."

"Aibu kitu gani. Vaa koti. Mahakama inafungwa saa ngapi?"

Alhamisi iliyopita walisikilizwa. Taarifa ya benki ilionyesha wazi malipo ya serikali, na hakimu akaamuru Arlene arudishiwe dola zake 1,060. Kuhusu zilizobaki, Florence alisimama akasema ni za kanisa. Wakili wa kampuni akaomba ushahidi, hata risiti moja.

"Risiti gani, mwanangu? Samaki wenyewe wameshaliwa."

Watu walicheka. Hakimu naye alitabasamu, kisha akazitoa dola 580 kwa kampuni, kwa kuwa hakuna karatasi iliyosema si za Arlene. Inaudhi, na sioni sababu ya kuficha. Mtaa mzima umekula samaki ukidhani unasaidia parokia, kumbe ulikuwa unalipa bili ya marehemu.

Arlene ameahidi kulirudishia kanisa dola ishirini kila wiki. Florence anakataa kuzipokea, lakini Arlene anazitumbukiza kwenye kopo Florence akigeuka.

Amefungua akaunti nyingine ambamo hakitaingia kitu ila mafao. Deni bado lipo. Jumatatu ana usaili wa kazi ya kufua mashuka katika hospitali, ile ile alikolazwa Ray. Akiipata kazi, mafao yatakoma, na mshahara haulindwi kama mafao: kampuni inaweza kuukata kabla haujamfikia, na kilichobaki kikishaingia benki, kurudi kukitafuta huko.

"Sitaki makubwa," anasema, akifuta mikono kwenye aproni. "Nataka mshahara wangu wa kwanza ulale benki usiku mmoja. Asubuhi niukute."