Kazija wa Fumba na maumivu yaliyofundwa kunyamaza

Saa moja asubuhi, maji yamekupwa Fumba, na Kazija Duni amechutama matopeni akifukua makumbi ya nazi aliyoyazika mwaka jana. Anayapiga kwa gongo mpaka usumba uachane, apate wa kusokota kamba. Ghafla gongo linasita. Anatia ncha ya kanga mdomoni, anauma, anangoja. Kisha anaendelea na kazi.

"Leo siku ya pili," anasema. "Kesho ndiyo mbaya."

Ana miaka thelathini na nne. Alipovunja ungo, somo wake, yaani kungwi wake, marehemu Bi Mashavu, alimfunda kuwa maumivu ya mwezi ni siri ya mwanamke: uma kanga, usisikike, ukizaa yatakwisha. Akafundika hasa, na majirani wakamsifu. Mumewe Msabah, aliyekuwa akikataliwa chumbani bila ya kuambiwa sababu, alidhani hapendwi. Akampa talaka. Mtoto hakupata. Ni uchungu kuyasema haya, lakini sifa hizo ndizo zilizommaliza.

Mwaka jana, 1970, alizimia hapo hapo matopeni, akafikishwa hospitali mjini. Daktari alimweleza taratibu: nyama kama ile ya ndani ya kizazi imeota nje yake, na kila mwezi nayo huvuja damu isiyo na pa kutokea, hata matumbo yameshikana.

"Akanambia, ungalikuja ungali mwari, tungalikupa vidonge vya kuyatuliza. Ungalikuja ulipoolewa, tungalikata palipoota, pengine ungalizaa. Sasa kilichobaki ni kutoa kizazi. Nkamwambia, kitoe. Mtoto nshamlilia vya kutosha."

Bado anangoja zamu yake ya operesheni, na kisu hakimtishi. Kinachomnyima usingizi ni Mwatum, binti wa kaka yake, mwenye miaka kumi na sita. Kazija ndiye somo wake. Kila mwezi msichana huyo hukosa skuli, na kanga zake zina ncha zilizotafunwa.

Juzi alimwita.

"Mwatum."

"Naam, somo."

"Tumbo linakuuma?"

"Haliniumi, somo." Akatabasamu.

"Nlimfunda mwenyewe," anasema Kazija. Kaka yake naye hataki kusikia habari ya hospitali: mwari akionekana huko, nani atamposa?

Kazija hajakata tamaa. Kesho, maumivu yakipanda, atamwita Mwatum aje akae naye.

"Nitalia mpaka Fumba nzima isikie. Akimsikia somo wake analia, na yeye atalia. Halafu tutakwenda mjini sote wawili."