Niliuficha Waya wa Hita Chini ya Mkeka

Kosa ni langu. Si la baba, si la hita, si la umeme wa Kilosa. Ni langu mimi, na nimelificha tangu kipupwe cha mwaka jana!

Mimi ni kijana nisiyevumilia kitu kukaa ovyo. Kiatu kikikaa upande mlangoni, silali. Umeme nilijifunza mwenyewe kwa kufungua redio mbovu, nikajiona fundi.

Dada yangu alipojifungua, alikuja kukaa arobaini kwetu Mabwerebwere. Baridi ilikuwa kali, na moshi wa mkaa ulimkoholesha mtoto. Baba akatoa hita ya umeme aliyoachiwa na Mzungu aliyekuwa akimpikia, shamba la mkonge lilipotaifishwa.

Waya wake ulikuwa mfupi. Nikauunga na waya mwembamba wa taa, nikauzungushia utepe vizuri mno. Lakini ulikatiza katikati ya chumba, na wageni wa mzazi walikuwa njiani. Niliona aibu. Nikaupitisha chini ya mkeka!

Wageni wakaukalia. Shangazi akajisogeza, akanigeukia mimi. "We baba, mkeka huu umeufukizia mkaa? Mapaja yananiungua!"

"Uzee huo, wifi," mama akamtania. "Mbona joto unalisikia peke yako?"

Wakacheka. Nikacheka nami. Kisha nikapitisha mkono chini ya mkeka, nikaukuta waya una moto. Nilijua! Lakini niuinue mkeka mbele ya wageni, waone kazi yangu imeharibika?

"Ni joto la hita tu, shangazi," nikasema.

Walipoaga, nikawasindikiza. Dada akamlaza mtoto mkekani, akageuka kukunja nepi. Nilirudi nikikimbilia ukelele wake. Mkeka ulikuwa unawaka! Nikachomoa plagi, lakini mguu wa mtoto ulikuwa umeshaungua. Vidole vitatu vimeshikana mpaka leo. Waya ulikuwa umeteketea pamoja na mkeka, na wote wakaamini hita kuukuu ya baba ndiyo iliyowasha moto.

Shemeji alipofika kutoka Mikumi hakumwamkia baba. "Mzee, mwanangu umemwekea takataka ya Mzungu?"

Baba akainamisha kichwa. "Nisamehe, mwanangu."

Nami nimesimama pale pale. Sikufungua mdomo!

Dada aliondoka siku ile ile, arobaini haijaisha. Hajarudi. Nasikia mtoto ameanza kutembea, anachechemea. Baba hajamwona. Anamtumia ndizi kwa watu wa basi, na hata salamu hairudi. Anajilaumu yeye, na mimi namtazama akijilaumu.

Jumamosi nakwenda Mikumi kusema ukweli. Nimeuandika hapa kwanza ili nisipate pa kurudi nyuma. Dada akinifukuza, haki yake.

Nyie mnaonisoma, waya wa hita uacheni wazi hata ukichukiza macho. Msiufunike, wala msiuunge na waya wa taa. Ukiwa mfupi, sogezeni kitanda. Na ukiugusa ukaukuta una moto, chomoa hapo hapo, mbele ya wageni, wakucheke! Kuchekwa kunaisha.