Muhuri wa Nyama Utosini Mwangu

Aibu hii ningeificha kama ingefichika, lakini Gazi nzima, kijiji cha wakwe zangu, inaijua, na hata leo nikipita huko wapo wanaonitazama kofia kwanza, kisha ndipo waniamkie.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, wakati wa ukame, ng'ombe wanakufa huko nyika, na maneno yakaenea pwani yote kwamba kuna watu wanauza kibudu, yaani mnyama aliyejifia bila kuchinjwa. Akaletwa mkaguzi wa serikali, awe anapiga muhuri wa wino wa zambarau kwenye nyama iliyo salama. Nilishukuru, maana nilikuwa namwoza binti yangu Zuhura na nimechoka sana (harusi humchosha baba kuliko bwana harusi). Desturi yetu hapa Mwabungo, mwenye karamu huenda alfajiri akamwona ng'ombe yu hai na akashuhudia akichinjwa. Nikasema moyoni, muhuri si upo? Nikasali, nikajinyoosha kidogo, na nilipozinduka jua limeshapanda, nikaenda Ukunda kwenye bucha la bwana mmoja wa bara nikachukua nyama iliyokwisha kukatwa.

Vipande vingine nikavifunga nyuma ya baiskeli. Paja lenye muhuri, wino bado mbichi, nikalibeba begani likiegemea kichwa changu, na kofia yangu mpya nikaitia mfukoni isipate mafuta (nilikuwa nimenyolewa upara, nang'aa kama sahani). Nilipofika nikavaa kofia yangu, nikampa mke wangu nyama. Akaliona lile doa la zambarau.

"Baba Zuhura, hapa pameoza!" Akalikata doa lile, akawatupia paka kabla sijafungua mdomo.

Baada ya Adhuhuri masinia yakawekwa. Ami yake bwana harusi, mzee mmoja wa Gazi aitwaye Mwinyihaji, akanyoosha mkono, kisha akaurudisha.

"Mkwe, nani kachinja?"

"Sikumshuhudia, mkwe. Lakini nyama ina muhuri."

"Uko wapi?"

"Umeliwa na paka."

Watu wakacheka, mimi jasho likanitoka, nikavua kofia nijipanguse. Nyuma yangu mtu akapiga kelele, "Muhuri huu hapa! Uko utosini!"

Mzee Mwinyihaji akainuka, akainama juu ya kichwa changu, akausoma taratibu kama anayesoma khati.

"Alhamdulillahi," akasema, "mkwe wetu amekaguliwa. Nyama ndiyo hatuijui."

Nikajaribu elimu yangu: nyama ya soko la Waislamu, mtu hutaja jina la Mungu akala. "Hayo nimeyasoma, mkwe," akanijibu kwa upole. "Lakini mwenye bucha hatumjui, na wakati wenyewe ndio huu." Mikono ikaondoka kwenye nyama, watu wakala wali kwa kachumbari. Nyuma ya mlango nikamsikia Zuhura akilia: "Baba, nitaishije Gazi nikiitwa binti wa kibudu?"

Kilio kile ndicho kilichonipandisha tena baiskeli hadi Ukunda, ingawa magoti yangu ni mabovu. Mwenye bucha akaniambia aliyechinja ni Hamisi, anayekaa jirani na msikiti. Nikamkuta analima mihogo, nikampakia nyuma, nikakanyaga hadi Mwabungo nikihema. Tulipofika, watu wa Gazi wengi walikuwa wameshapanda lori lililowaleta.

Hamisi akasimama mbele ya Mzee Mwinyihaji. Alipandisha kikoi chake, muundi umevimba kama yai.

"Ng'ombe mwekundu, pembe moja. Nilimlaza mwenyewe, nikataja jina la Mungu, nikachinja, na nilipoachia kamba akanipiga hapa."

Mzee Mwinyihaji akaubonyeza muundi kwa kidole. Hamisi akaruka, "Yalaa! Taratibu, mzee!"

"Kibudu hakipigi teke," akasema mzee, akaomba maji ya kunawa. Akala, akaramba vidole, kisha akaamuru sufuria lote la nyama lipakiwe kwenye lori, "na huyu Hamisi pia, na mguu wake, watu wa Gazi wakauone wenyewe." Ndivyo binti yangu alivyokwenda kwa mumewe, kwa vigelegele, kwa sufuria, na mchinjaji anayepandisha kikoi kila anapoombwa. Nyama ililiwa Gazi jioni ile, ikaisha.

Wino ulikaa kichwani mpaka nywele zikaufunika, na mimi nikasubiri. Tangu hapo, nikiwa na karamu huenda alfajiri mwenyewe, nimwone ng'ombe amesimama, na mchinjaji nimwulize jina lake. Goti likikataa kunifikisha, basi wageni wangu hula samaki.