Namba ya Wifi

Wifi yangu Hedwiga aliandika maisha ya marehemu wote wa ukoo wetu na nusu ya parokia. Msiba ukitokea, kabla maturubai hayajafungwa, mtu alishatumwa kwake: alizaliwa lini, alibatizwa wapi, aliugua nini, ameacha nani. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka thelathini na nne, hakuolewa, na hakupenda kusahihishwa. Mlevi aliandikwa "mchangamfu", mgomvi aliandikwa "mtu wa msimamo". Yale ya kweli aliyafungia kwenye kompyuta yake ya mezani, chumba cha mbele cha nyumba tuliyokaa wote wawili hapa Mbinga mjini, na paswedi hakumpa mtu.

"Humo kuna siri za wafu wa watu," aliniambia. "Ukiingia wewe leo, kesho soko zima la usipa litajua."

Mimi nauza usipa, dagaa wa ziwani. Na alisema kweli.

Mume wangu Vitalis, kaka yake, alipofariki miaka saba iliyopita, karatasi ya maisha yake aliiandika Hedwiga. Kurasa sita, na watu walilia mahali pa kulia. Mwishoni ilisema: "Ameacha mjane na watoto wanne." Mimi nina watoto watano. Lidia nilikuja naye kutoka Lituhi, mgongoni, ana miaka miwili. Vitalis ndiye aliyembeba mabegani kwenda kliniki, na ndiye aliyemshika mkono kumpeleka altareni siku ya ndoa yake. Pale kaburini watoto waliitwa mmoja mmoja kuweka mashada. Lidia alibaki amesimama na majirani, shada mkononi. Alilipeleka mwenyewe watu walipokwisha kuondoka.

Nilimuuliza wifi. Akanijibu bila kuinua macho, "Ukoo ni damu, Mama Florian."

Florian ni mtoto wangu wa kwanza kwa Vitalis. Mbinga nzima inaniita Mama Lidia, kwa kuwa Lidia ndiye aliyenifungua tumbo. Hedwiga peke yake aliniita Mama Florian, miaka ishirini na sita, na hakuteleza hata siku moja. Alikuwa mwalimu, nimeshasema.

Na kila Juni, baridi ikianza kumtafuna magoti, alishuka ziwani, Mbamba Bay, akakaa mpaka Septemba. Kwa nani? Kwa Lidia. Anakula ugali wa muhogo wa Lidia, analala kwenye chandarua cha Lidia. Nilimwambia mara moja, "Wifi, huyo asiye wa ukoo ndiye anayekulisha."

Akasema, "Mungu ambariki kwa ukarimu wake."

Sasa, misiba haingoji mtu arudi kutoka ziwani. Kwa hiyo fundi Stephano, yule mwenye kibanda karibu na stendi, alimtengenezea njia ya kufungua kompyuta ya Mbinga akiwa kulekule. Alimwombea kwa kampuni ya intaneti namba ya nje isiyobadilika, wakaitoa baada ya barua mbili. Hedwiga anawasha laptopu yake, anaita namba hiyo, wito wake unapita hewani unafika kwenye rauta yetu, kile kisanduku cha intaneti, rauta inampeleka mpaka kwenye kompyuta, na kioo cha Mbinga kinatokea Mbamba Bay. Kazi yangu ilikuwa moja: isizimwe. Tangu Juni mpaka Oktoba haikuzimwa, na tangu Juni ilimfungukia kila alipobisha.

Mwaka huu Septemba hakupanda mlimani. Tumbo. Oktoba alilazwa hospitali ya kulekule ziwani, na madaktari wakampangia upasuaji Ijumaa ya pili ya Novemba. Siku ya pili yake, Jumamosi, kwa kuwa Novemba ni mwezi wa marehemu, ukoo ulikuwa umepanga kujengea kaburi la Vitalis kule Maguu, kijijini kwao, padre abariki, na karatasi yake isomwe upya.

Jumatano mchana akanipigia simu. Sauti ilikuwa imepungua, lakini ukali haukupungua.

"Mama Florian, kompyuta inawaka?"

"Inawaka."

"Haifunguki. Nimejaribu tangu asubuhi."

"Mtu anapasuliwa keshokutwa anahangaika na kompyuta. Lala."

"Nataka kurekebisha karatasi ya Vitalis."

"Urekebishe nini?"

"Mwisho."

Nilikaa kwenye kiti chake. Sikuwahi kukikalia.

"Nesi ana fomu," akaendelea. "Aliniuliza, huyu anayekufulia ni nani yako? Nikamwambia aandike jirani. Nesi akamtazama Lidia, alikuwa anatoka kumwaga beseni langu. Hakuandika. Akaniuliza tena."

"Ukamjibu nini?"

"Hilo si lako. Fungua mlango huo."

Nilimwambia anitajie maneno, niyaandike kwa kalamu. Akasema, "Ukiandika wewe, Augustino atasema umejiandikia." Augustino ni baba yao mdogo, mkubwa wa ukoo, na kweli angesema hivyo, mbele ya padre. Karatasi anayoiamini ni ile yenye jina la Hedwiga juu na sahihi yake chini, na vyote viwili vimehifadhiwa ndani ya kompyuta ile.

"Haya, nipe paswedi."

"Hiyo hapana."

"Hata leo, wifi?"

"Hata leo."

Tukaanza kutafuta ugonjwa kwa simu, yeye kitandani, mimi nimepiga magoti chini ya meza. Taa za rauta zinawaka? Zinawaka, nne, kijani. Kuna kitu juu yake? Kuna kitambaa, nilikifuma mwenyewe. Kiondoe, kinaipa joto. Nikakiondoa. Haikufunguka.

"Ulichomoa kitu?"

"Jumapili radi ilipiga. Nilichomoa kila kitu, kama watu wote."

Mvua za kwanza huku zinakuja na radi ya kuua ng'ombe. Mtu mwenye akili anachomoa nyaya zote, anafunika kioo cha kabati, anakaa mbali na dirisha. "Nilirudisha vyote kama vilivyokuwa," nikamwambia, na niliamini hivyo.

"Chomoa rauta, hesabu mpaka thelathini, irudishe."

Nikachomoa, nikahesabu, nikarudisha. Haikufunguka. Tulifanya hivyo mara tatu. Mara ya tatu nikamsikia anamwambia mtu pembeni, "Nishike mgongo," na aliyejibu "Ndiyo, shangazi" alikuwa Lidia. Nikakata simu kabla sijasema neno la kipumbavu.

Stephano alikuwa Namswea, anafunga sola ya zahanati. Nikampigia. Akasema atakuja Jumamosi.

"Jumamosi nenda kwako," nikamwambia. "Mimi nakuhitaji kesho, na unajua ni kwa ajili ya nani. Nani aliandika maisha ya mama yako mpaka ukaomba nakala?"

Alhamisi saa nne alishuka kwenye bodaboda, matope mpaka magotini. "Shikamoo mama." Hakutaka hata chai. Alitoa laptopu yake, akaiunga na rauta yetu, akaita kompyuta ya Hedwiga kwa jina lake kutoka sebuleni. Ikaja, ikamwomba paswedi.

"Umeona? Ndani ya nyumba inaitika. Kwa hiyo kompyuta ni nzima." Akampigia Hedwiga, akamwambia ajaribu. Akajaribu. Hakuna. "Nje haifiki. Basi kosa liko hapa katikati."

Akaingia ndani ya rauta kwa ile laptopu, akasoma orodha, kidole kikishuka taratibu. Kisha akacheka kidogo, akaacha alipoona uso wangu.

"Mama, rauta ni kama mwenye gesti. Kila kifaa kikiingia anakipa chumba chenye namba. Anayewahi anapewa cha kwanza kilicho wazi. Kompyuta ya mwalimu ilikuwa chumba namba mbili, na mimi nilimwagiza mwenye gesti, mgeni akimtafuta mwalimu mpeleke namba mbili. Ulipochomoa Jumapili, akasahau wapangaji wote. Uliporudisha, nani aliwahi?"

"Mimi nitajuaje?"

"Simu yako. Uliwasha rauta, simu ikadaka intaneti, ndipo ukawasha kompyuta. Namba mbili sasa ni ya simu yako. Mwalimu amekuwa akibisha tangu jana, na chumbani umo wewe."

"Kwa hiyo nimelala kitanda cha wifi."

"Na kila alipokwambia uchomoe, simu ilikuwa mkononi mwako, iko macho. Ukawa unakilalia upya."

Nilitazama simu ile. Tangu jana mwanamke anayengoja kisu alibisha kwa ajili ya mwanangu, na aliyekaa mlangoni asifungue ni mimi.

"Toa," nikasema.

Alitoa. Akaandika ndani ya rauta kwamba namba mbili ni ya kompyuta ile, kwa alama iliyozaliwa nayo kiwandani, na hata radi ikipiga mara mia asipewe mwingine. Akazima, akawasha. Simu yangu ikapewa tatu. Akampigia Hedwiga.

Mara kioo cha kompyuta pale mezani kikajifunga, kikabaki na jina lake tu. "Ameingia," Stephano akasema. "Akiwa ndani yeye, wewe huoni kitu. Haipokei wawili."

Tulikaa. Mimi mwenyewe nilitegemea kuona maneno yakijiandika, lakini hapakuwa na kitu cha kuona. Stephano sasa akakubali chai. Ilipita kama saa nzima, maana Hedwiga alikuwa anaandika huku akipumzika, Lidia aliniambia baadaye, na hakukubali asaidiwe hata herufi moja.

Printa iliyo kando ya kompyuta ikaamka. Ikavuta karatasi ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Sikusoma tano za kwanza. Ya sita ilisema: "Ameacha mjane, Mama Lidia, na watoto watano: Lidia, Florian," na wengine kwa mfuatano wao. Chini yake sahihi.

Simu ikalia. "Zimetoka?"

"Zimetoka."

"Wino ulitosha?"

"Ulitosha."

"Ya sita umeisoma?"

"Nimeisoma, wifi." Sisi si watu wa kushukuruana.

"Basi usichomoe kitu tena mpaka nirudi."

Ijumaa alipasuliwa. Jumamosi, Maguu, Augustino alisoma karatasi. Alipofika mwisho akasimama, akaisogeza karibu kuangalia sahihi, akairudia kwa macho. Kisha akasoma kama ilivyoandikwa, na watoto walipoitwa kuweka mkono kwenye saruji mbichi, wa kwanza kuitwa hakuwepo. Alikuwa hospitalini, ziwani, ameshika beseni. Padre akauliza nani amwekee mkono. Nikaweka mimi, kiganja chote.

Hedwiga alifariki Jumanne. Lidia ndiye aliyemfumba macho, na kwenye fomu ya hospitali, mahali pa ndugu, nesi alikuwa ameandika: mtoto wa kaka.

Maisha yake mwenyewe hakuyaandika. Pengine yamo ndani ya kompyuta, lakini paswedi ameondoka nayo, na sitaki mtu aivunje. Augustino alinituma mimi niandike, mwenye darasa la saba na kalamu ya wino, na karatasi ndiyo hii. Sikumwita mchangamfu.

Radi ikianza nachomoa televisheni, nachomoa friji, nafunika kioo. Rauta na kompyuta naziacha zinawaka. Stephano ananiambia zitaungua. Namwambia namba mbili ina mwenyewe, na mimi ni wa tatu.